Chumba Chetu cha Gemu Rubwera

Nyaishozi,
8 Juni 1999

Mpenzi Celestin,

Natumaini Mwanza haijakuchosha. Sisi huku wazima, tunachuma kahawa.

Unaniuliza kama akiba yetu ya chumba cha gemu pale Rubwera inunue prosesa yenye kasi, huo ubongo wa kompyuta unaousema, au kadi nzuri ya picha, maana haitoshi kwa vyote viwili. Mimi kompyuta nimeiona mara moja tu, parokiani. Lakini vijana watalipia kile wanachokiona kwenye kioo, kwa hiyo chukua kadi nzuri. Prosesa iwe ya mtumba, hata kasha la kompyuta likiwa na mikwaruzo hakuna shida.

Ila usizidi kuzunguka madukani, Celestin. Jumapili walikuja wageni kutoka Nyabiyonza na pombe ya ndizi, kuniposa. Baba alipoanza kuitikia, nilitoka jikoni nikasema mbele yao, "Mimi nina mtu wangu."

"Nani? Yule anayetafuta mashine ya michezo?" baba akauliza.

"Huyo huyo, baba."

Wageni waliondoka na pombe yao. Tangu siku hiyo baba hasemi nami, na nimesikia amewaalika tena mwisho wa mwezi. Kila pikipiki ikipita barabarani nashtuka. Sitawasubiri. Ijumaa ya wiki ijayo nitapanda meli pale Bukoba kuja huko, unipokee bandarini Mwanza.

Sijamwambia mtu, na mama hajaniuliza kitu. Lakini jana nilikuta ameweka vitenge vyake viwili vipya ndani ya begi langu.

Wako nisiyetulia,
Auleria