Nyumba Niliyokuchagulia Singida

Kinampanda

Kaka Mkumbo,

Nimeficha jambo kwa miaka mingi, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa kwa sababu ndiye uliyetendewa. Hakuna daktari aliyesema upelekwe kwenye nyumba ya wazee. Hakuna daktari aliyesema usitembelewe na watu wa nyumbani. Maneno yale niliyatunga mimi, nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Singida mjini, nikayaandika kwa mwandiko mzuri na kuyatuma huku kwa basi la Kiomboi. Ukoo mzima uliyaamini kwa sababu yalitoka kwa Mwalimu Elieza, mkaguzi wa shule.

Utanisamehe mwandiko. Naandika mistari michache asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha napumzika. Kalamu ya wino imenishinda, kwa hiyo binti yako Naomi amenichongea penseli kwa kisu cha jikoni. Anadhani naandika wosia.

Kwanza nikupe habari za hapa. Zizi lako halina ng'ombe tena. Naomi amepanda alizeti pale, na imestawi mno kwa mbolea ya miaka yote ile. Karibu na kanisa mtu binafsi ameweka mashine ya kukamua mafuta. Ungeichukia kelele yake, halafu ungekuwa wa kwanza kwenda kuomba mashudu ya mbuzi wako. Lile jiwe kubwa ulilokuwa unakaa juu yake kuangalia mifugo, siku hizi watu wanalipanda kutafuta mtandao wa simu. Juzi mama mmoja alisimama pale juu akapiga kelele, "Shangazi, unanisikia? Shangazi!" mpaka kijiji kizima kikajua shangazi anaumwa goti. Nilicheka peke yangu. Sisi tulipiga kelele sana pale juu, na waliotusikia ni mbuzi tu.

Mke wangu Damari amekwishatangulia, nadhani mmeonana, nami nikarudi huku kijijini. Naomi naye alifiwa na mume kule Itigi, akarudi nyumbani, akanikuta siwezi hata kujifunga viatu. Sasa ananiogesha. Ndiyo, Kaka, binti yako ananiogesha mimi. Ananigeuza kitandani, ananipikia uji wa mtama, ananikemea nikiuacha. Juzi alikuwa ananisugua mgongo, akasema, "Baba mdogo, nyumba kama ile uliyomtafutia baba, mimi nitaitoa wapi? Utaivumilia tu mikono yangu."

Aliyasema kwa upendo. Majirani nao, kila wakija kunijulia hali, anawasimulia: "Baba mdogo alizunguka mji mzima wa Singida akilinganisha nyumba za wazee, moja baada ya nyingine, mpaka akapata iliyo bora." Nao wanatikisa vichwa, "Ndugu wa namna hiyo siku hizi hakuna." Mimi nageukia ukutani, najifanya nimelala.

Unakumbuka siku baba alipotuita wote wawili? Mmoja aende shule, mmoja abaki na ng'ombe. Mimi nilikuwa naogopa hata kupumua. Wewe hukungoja aulize mara ya pili. Ulisema, "Aende huyu. Mimi ng'ombe wananijua." Ndivyo yalivyoamuliwa maisha yangu yote, kwa maneno yako yale mafupi, na kwa Kinyiramba.

Kijito kilipofurika ulinibeba mabegani, daftari zangu umezishika kwa meno ili mikono ishike miguu yangu. Jioni ulikuwa unanidai herufi. "Leo wamekupa ipi?" Nami naichora chini kwa fimbo yako ya kuchungia, wewe unaifuata kwa kidole chenye vumbi. Tulifika mbali kiasi cha wewe kuandika jina lako, ukasema, "Basi, linatosha, mengine utasoma wewe kwa niaba yangu." Siku niliyofaulu kwenda chuo cha ualimu ulinisindikiza mpaka Kiomboi kwa miguu, umebeba sanduku langu kichwani, na kila tuliyekutana naye njiani ulimsimamisha. "Huyu ni mdogo wangu. Nimemlea mimi." Nilikuwa naona haya. Nilikuwa kijana, nikadhani haya ile itaisha nikikua.

Sasa nifike kwenye yenyewe.

Ulipopata kiharusi, ukapona nusu, nilikuleta kwangu mjini. Mama yake Naomi alikuwa amekwishafariki, Naomi amejifungua Itigi, na mvua zimekata barabara ya huko. Kiswahili kilikutoka. Kile kidogo ulichokuwa nacho kilipotea chote, ukabaki na Kinyiramba peke yake. Damari alikupenda, wala yeye hakulalamika hata siku moja. Lakini wakati ule serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kufungua shule, nami na wenzangu wawili tulikuwa tunatafuta kibali cha shule yetu. Wageni walikuja nyumbani: maofisa, wafanyabiashara, watu wa suti. Nawe ulikuwa unakaa barazani, shuka limekuteleza, unawapokea. Wengi hawakukuelewa. Siku moja akaja mmoja wa kwetu Iramba, ukamwambia kwamba huyu mnayemwita Mwalimu alikuwa anakojoa kitandani mpaka darasa la nne, na kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaianika ngozi yake ya kulalia. Mgeni alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawatafsiria wengine. Nami nilicheka. Ndani yangu siku ile kitu kilifungwa.

Wiki hiyohiyo nikaanza kutafuta nyumba.

Zilikuwa zimeanza kufunguliwa, kama zahanati za binafsi na kila kitu kingine. Nilikwenda nyumba tatu. Na nilizikagua, Kaka, kwa namna ninayoijua, kama shule. Nilihesabu vitanda, nilifunua vifuniko vya sufuria, niliingia vyooni. Nikafanya na lile tulilofundishwa wakaguzi: waulize wanafunzi mwalimu akiwa ametoka.

Ya kwanza ilikuwa ya masista, ng'ambo ya ziwa, na ilikuwa imejaa. Waliniambia ningoje.

Ya pili ilikuwa nyumba ya wageni zamani. Mwenyewe aliona biashara ya wazee inalipa zaidi, akapaka rangi nyeupe, akaweka vigae sakafuni. Namba za vyumba zilikuwa bado milangoni. Shuka zinabadilishwa kila siku, dawa zimepangwa kabatini kwa majina, wahudumu ni wasichana wapole wenye sare, wote wametoka mikoa mingine. Msimamizi alipotoka nikamuuliza bibi mmoja anaonaje mahali hapa. Akasema, "Pasafi mno, baba. Hapa hata nzi anaomba ruhusa."

Ya tatu ilikuwa ya mkunga mstaafu, nyuma ya soko. Ua la udongo, kuku wanapita vyumbani, choo kimoja kwa wazee wote. Huko nilikwenda nawe kwa sababu Damari hakuwepo nyumbani kukuangalia. Tulipoingia, wazee wawili walikuwa wanabishana kwa sauti juu ya ng'ombe aliyekufa kabla ya uhuru. Mmoja akanigeukia, "Usishtuke, Mwalimu. Hapa tunagombana, ndiyo maana bado tupo." Kisha akatoka mpishi, mama mnene, mikono ina unga, akakusalimu kwa Kinyiramba. Alikuwa mtu wa huku Kinampanda, jirani na kwetu. Akakuuliza wewe ni wa nani. Ukamtajia baba, ukamtaja babu. Akapiga makofi, akasema babu yake alichunga na babu yetu. Akakuletea mlenda na ugali, ukala umeketi kwenye kigoda chake, ukacheka. Sikuwa nimekusikia ukicheka hivyo tangu uugue. Nilipokwambia twende, ulinishika mkono na kunikalisha.

Nilitoka pale nikaandika ripoti. Kurasa nne. Usafi, chakula, dawa, malazi, wahudumu, kila kimoja na alama zake. Nyumba ya vigae ilipata za juu kabisa. Nyumba ya mkunga ilipata chini ya nusu, na kuhusu kicheko chako sikuandika neno, maana fomu haikuwa na mahali pa kuandika kicheko. Nilijiambia hivyo. Ripoti ile ilisomwa hapa nyumbani mbele ya wazee wa ukoo, pamoja na maneno ya daktari asiyekuwepo, nao wakanisifu. Naomi ameitunza mpaka leo kwenye Biblia yake.

Alama zile hazikuwa za uongo. Vitanda vilikuwa vizuri kama nilivyoandika. Ila uamuzi niliufanya kabla sijaandika chochote, pale uani kwa mkunga, mama yule alipouliza wewe ni wa nani. Nilijua kabla ya Jumapili habari zingefika Kinampanda, kwamba Elieza amemtupa kaka yake aliyemlea. Nilitaka nyumba ambayo hakuna mtu angekuuliza wewe ni wa nani, na akiuliza, asielewe jibu.

Ulikaa pale karibu mvua zote. Nilikuja kila Jumapili baada ya ibada. Walikuogesha vizuri, hukuwa na kidonda hata kimoja. Ulikuwa unaongea mfululizo nikifika, kama mtu aliyebana pumzi wiki nzima. Baadaye ukawa unaongea kidogo. Kisha ukanyamaza. Wasichana walisema, "Babu ametulia sana, hasumbui." Ukafa kabla mvua hazijaisha, na mazishini nikasoma wasifu wako, watu wakalia kwa jinsi nilivyousoma.

Shule yetu ilipata kibali. Ilidumu miaka kadhaa, ikafa kwa ugomvi wa wenzangu. Sikupata kuipenda.

Nimechoka, Kaka. Kifua kinabana, na Naomi ameshakuja mlangoni mara mbili kuuliza kama namaliza. Nitakufuata karibuni, na sijui utanipokeaje. Kaa salama pale chini ya mawe yako. Mimi nimeomba nisizikwe ubavuni pako mpaka Naomi atakapoamua mwenyewe, na ili aweze kuamua, nakuahidi hivi: barua hii sitazikwa nayo wala sitaifunga kwa gundi. Nikimaliza mstari wa mwisho nampa aisome mbele yangu, ningali na macho ya kumtazama. Akitaka kuacha kuniogesha, ni haki yake.

Limebaki moja, na bila hilo yote niliyoandika ni ripoti nyingine tu.

Siku niliyokupeleka, daftari la nyumba ile lilikuwa na mahali pa kuandika uhusiano wa mzee na aliyemleta. Niliandika: jirani. Kwa hiyo wasichana wale, kila nikija, walikwambia kwa Kiswahili usichokielewa, "Babu, jirani yako amefika." Na ile Jumapili ya mwisho, ulipokuwa umeshanyamaza kwa majuma matatu, ulimwona msichana anayekulisha amesimama karibu, ukajiinua kwa kiwiko, ukaninyooshea kidole, ukamwambia kwa Kinyiramba, taratibu, kama mtu anayetambulisha mgeni, "Huyu ni mdogo wangu. Nimemlea mimi."

Msichana akanigeukia akauliza, "Anasemaje?"

Nikamwambia unaomba maji.