Mwaridi Uliosimama Kati Yetu

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitakuja, lakini sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Hukujua kusoma, na mimi kalamu naishika kama jembe. Nikimaliza kuandika nitakwenda kukaa upande wangu wa mwaridi nikusomee kwa sauti. Majirani wa hapa Mwankoko waseme wanavyotaka. Walisema mengi tangu siku ile ulipofika kutoka Kinyangiri na mzigo wako kichwani, mjane mwenye mtoto mmoja tu duniani, na mtoto huyo ni mke wangu Raheli. "Mkwe na mkwe uwanja mmoja!" Walicheka mpaka wakachoka.

Na kweli ilikuwa taabu. Nikitoka mlangoni, wewe unajifunika uso kwa kaniki na kugeukia ukuta. Ukitoka wewe, mimi nazunguka nyuma ya tembe kama mwizi wa kuku. Heshima ni heshima, lakini chumvi ikiisha itasemwaje? Ndipo ukaanza kuzungumza na yule kuku wako mwekundu. "Wewe kuku, mwambie mwenye nyumba chumvi imekwisha." Nami nilikuwa hatua sita tu, nasikia kila neno. Nilimjibu kuku huyo huyo. Zaidi ya miaka miwili, Mama, kuku alikuwa mjumbe wetu, na aliponenepa hakuna aliyethubutu kumchinja.

Mwaridi ulikuja mwaka ule vijana waliporudi kutoka vita vya Burma. Nilikuwa nafanya kazi ya bustani kwa bwana shamba Mzungu, pale Singida mjini. Mkewe alikuwa ameletewa miche ya mawaridi imeviringishwa kwenye magunia yenye maji, kutoka nchi za baridi. Tuliipanda kwa kamba, imenyooka. Nilikuwa nainywesha asubuhi na jioni. Jua likaichoma, mchwa wakamaliza iliyobaki. Ikafa yote. Ila katika mmoja, chini kabisa, karibu na mizizi, likachomoza tawi jingine lenye miiba mingi ajabu. Memsahibu akaniambia kwamba lile si waridi lake. Waridi lake lilikuwa limepachikwa juu ya shina la porini ili lipate nguvu. Lile zuri limekufa, limebaki la porini. "Ng'oa," akasema, "tupa."

Niling'oa, lakini sikutupa. Niliuweka kwenye debe bovu, nikaufunga nyuma ya baiskeli. Kwa nini, sijui. Labda nilimwonea huruma aliyembeba mwenzake mgongoni mpaka mwenzake akafa, kisha akaambiwa hatakiwi.

Niliupanda katikati ya uwanja, kati ya mlango wangu na nyumba yako ndogo. Kesho yake nikaja na maji. Ulikuwa umesimama umeupa mgongo, na ukamwambia kuku, "Mwambie mwenye nyumba, akiubembeleza utakufa kama wenzake. Ukitaka kuishi huku na ujifunze kiu."

Nilikasirika. Nani mtunza bustani, mimi au wewe? Lakini nilitii, maana ulikuwa mkwe. Wewe ukaumwagia majivu shinani, mchwa wakakoma. Maji ya kuoshea vyungu, basi. Na ulikua, Mama! Masika mawili tu ulinifika kifuani, ya tatu ukanipita. Mbuzi waliujaribu mara moja wakaondoka wanapiga chafya. Na yale maua, yenye petali tano tu, meupe yaliyoona haya kidogo. Memsahibu angeyacheka. Wewe uliyahesabu kwa kidole ukasema, "Matano kama vidole. Yanatosha kushika."

Siku uliyosema hivyo hukumwambia kuku. Uliniambia mimi. Ulikuwa upande wako, umekaa kwenye lile jiwe lako bapa unachambua mlenda, mimi upande wangu natengeneza mpini, na majani yalikuwa yameziba kila kitu. Hatukuonana, kwa hiyo hapakuwa na aibu. "Baba Naomi," ukaita, "mti wako mkali kuliko mimi." Nilishtuka nikajikata kidole.

Tangu siku hiyo tulizungumza kila jioni. Ndugu zangu hawajui robo ya niliyokuambia. Ulinieleza mvua za utoto wako, na jinsi mumeo Mungu alivyokuchukulia mapema. Miaka tisa, Mama. Kikohozi chako nilikijua, nilijua ukiwa na njaa na ukiwa na huzuni, lakini mpaka leo siwezi kusema kama ulikuwa na kovu shavuni. Ulipofikwa na umauti wazee waliniruhusu nikutazame kuaga. Nilibaki nje.

Sasa niseme kile kilichonifanya nishike kalamu.

Ulitutoka mwisho wa kiangazi. Ardhi ilikuwa ngumu kama kizingiti, vijana walichimba tangu asubuhi, na jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofukia. Ikabaki miiba ya kufunika kaburi. Fisi wa mwaka ule unawakumbuka, walikuwa wanaingia mpaka zizini. Lakini miiba yote ya karibu ilikuwa imekwisha kukatwa kwa maboma ya ng'ombe, na ya mbali ni mwendo wa saa nzima kwenda. Watu wakatazamana. Mimi nikaingia nyumbani nikachukua panga.

Niliukata wote, Mama. Mpaka chini. Mikono ilinivuja damu hadi viwiko na sikuisikia. Nilikokota matawi yale mpaka kaburini nikakufunika nayo, tabaka juu ya tabaka, hadi nikaona hata panya hapiti.

Raheli aliporudi kutoka kwa wanawake wenzake akasimama mlangoni petu. Alikuwa anaona moja kwa moja mpaka mlango wako uliofungwa. Hakupiga kelele. Alisema, "Kifo kimemwondoa mama, na wewe umemwondoa mara ya pili." Akaingia ndani.

Asubuhi yake nilikwenda peke yangu. Nyayo za fisi zilikuwa zimezunguka kaburi, zimezunguka tena, zikarudi porini. Kwenye miiba kulikuwa na manyoya. Nilipiga magoti pale pale. Mti ulioletwa kutoka nchi nisizozijua, ulioambiwa utupwe, umesimama usiku kucha umekulinda.

Nilimweleza Raheli. Alikwenda akaona mwenyewe, lakini hakulainika. Jioni nilikuwa nimekaa uwanjani nikasikia, "Wewe kuku, mwambie mwenye nyumba ugali uko tayari."

Kwa kuku, Mama! Mke wangu wa ndoa! Ningecheka kama nisingekuwa nalia.

Basi ndivyo tulivyoishi. Niliona wazi kwamba kisiki kile kikifa, na mimi nimekufa nyumbani mwangu. Nikaanza kubeba maji kutoka kisimani, debe zima kila siku baada ya kazi, namwaga, natazama. Kisiki kikavu. Nikamwaga tena. Wiki ya tatu, debe likiwa begani, nikasikia maneno yako waziwazi: ukiubembeleza utakufa. Nililitua debe, nikawapa mbuzi maji yale. Nikaleta majivu. Kisha nikafanya kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya katika bustani, yaani kutofanya kitu.

Mvua haikuja. Mawingu yalipita yakielekea kwa wengine. Udongo ulipasuka hata mtu angeweza kuingiza kidole. Mimi sikwenda tena kutazama, niliogopa.

Asubuhi moja niko zizini nikasikia, "Baba Naomi! Baba Naomi, njoo!"

Si kuku. Mimi.

Nilikimbia bila kiatu. Raheli alikuwa amechuchumaa karibu na jiwe lako. Kisiki kilikuwa vile vile, kikavu. Lakini upande wako, shibiri moja kutoka jiwe ulilokuwa unakalia, ardhi ngumu ile ilikuwa imeinuka na machipukizi saba yamesimama, mekundu, yana miiba tayari. Kabla ya tone moja la mvua! Mizizi ilikuwa imekwenda huko kwako miaka yote tukizungumza, na sisi hatukujua. Raheli alinishika mkono wenye makovu ya miiba, akalia, nami nikalia. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama vile vijiti saba. Nimeona gari la moshi, nimeona ndege ya Mwingereza ikitua, havifiki.

Haya ni masika ya pili tangu hapo. Mwaridi umenipita kimo tena, mpana kuliko ule wa zamani. Leo umefungua maua ya kwanza. Na Naomi wetu amepata mchumba, kijana wa Iguguno, mpole, anaogopa hata kivuli cha Raheli. Raheli anasema tusiupunguze hata tawi moja, maana sasa mkwe ni yeye na mti atauhitaji.

Jana alikwenda kujaribu. Akakaa kwenye jiwe lako, mimi nikiwa upande wangu na mpini wangu, majani yameziba. Akaita, "Baba Naomi, unanisikia?"

Nilisikia, Mama. Ilikuwa sauti yako. Hata kile kikohozi kidogo mwishoni. Alingoja, kisha akazunguka kuja kutazama kama nimelala.

Kwaheri, Mama. Pumzika. Nakuahidi sitaumwagia maji, na panga halitaugusa tena mpaka siku ya kumfunika mmoja wetu. Raheli ameshaambiwa: nikitangulia mimi, aukate wote bila kuuonea huruma. Anajua utarudi.

Mimi mkwe wako, ambaye hata leo hajakutazama usoni.