Mama ameazimisha meno yake

Douce, acha kila kitu kwanza. Nimechoka hata sijui nianzie wapi.

Natoka soko ya Old Town na mzigo yangu ya bitenge, naingia mu nyumba, nakuta Mama anakunywa uji na mdomo tupu. Meno hakuna. Namuuliza, Mama, meno iko wapi? Ananijibu pole pole kabisa: "Nimemwazimisha Béatrice."

Meno! Ya juu na ya chini! Yale tulihangaikia safari zote za Lilongwe!

Eti leo ni harusi ya binti ya Béatrice. "Charlène, jirani tunaazimana viti, tunaazimana sufuria." Nikamwambia, Mama, meno si sufuria! Daktari alipima mdomo yako, hakupima ya Béatrice!

Nikapanda kabaza, ile baiskeli ya kubeba batu, mpaka kanisani, nimekasirika njia yote.

We unamjua Béatrice. Tangu tulifika hapa kambini Dzaleka, hajaongea na muntu bila kufunika mdomo na kitenge. Ata kuimba, anaimba ndani ya kitenge. Leo kitenge iko ku mabega. Yale meno inacheza mu mdomo, anaishika na ulimi, anapiga picha na bageni, na anacheka. Béatrice, anacheka!

Nilienda kuyadai, Douce. Nikakaa nyuma, nikapiga makofi sawa bengine.

Nimerudi sasa hivi, mikono mitupu. Mama hata hakuniuliza meno yake iko wapi. Ameshika kikombe ya uji, ananiangalia:

"Alicheka?"