Ukurasa wa Mwisho wa Fundi Salumu

Fundi wangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza kila asubuhi kabla hata sijavua viatu mlangoni: "Bi Haraka, umeamka mzima au umeamka umechoka?" Nami nilikuwa najibu nimeamka mzima, hata siku nilizokesha na mtoto mwenye homa. Leo sikudanganyi. Shikamoo, Fundi. Marahaba nimejiitikia mwenyewe.

Tangu tukuzike mvua zimekuja na zimeondoka, tumbaku imekaushwa, na hapa karakana ya chapa mambo si yale uliyoyaacha. Risasi, madini ya herufi zetu, imeuzwa. Makasha yote ya herufi, kubwa na ndogo, nene na nyembamba, amenunua mtu wa Kigoma anayeiyeyusha na kuwauzia wavuvi, waifunge kwenye nyavu zizame. Nilipoambiwa nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Miaka yote ile nikidondosha koma moja unanipigisha magoti sakafuni niitafute, kumbe koma zote safari yao ni ziwani.

Badala yake tumeletewa kompyuta. Kioo chake hakizidi sinia dogo la chai. Humo ndani kazi hukaa kwenye madirisha, ndivyo alivyoyaita Edwini, kijana aliyetumwa kutoka Dar kuja kutufundisha. Kila kazi na dirisha lake. Ukifungua la pili linalala juu ya la kwanza, la tatu juu ya la pili, mpaka inakuwa kama mafaili juu ya meza ya Meneja, na meza ya Meneja unaijua. Ukitaka la chini unatafuta pembe yake iliyochomoza, unaigonga kwa mshale, nalo linapanda juu. Lililo juu ndilo peke yake linalokusikia. Utalitambua kwa mistari myembamba kwenye paji lake, mengine yamelala.

Mimi nilikuwa sitazami paji. Napiga maneno macho yangu yako kwenye vidole, nikija kuinua uso nakuta tangazo la mnada wa ng'ombe wa Ziba limeingia katikati ya kadi ya harusi. Bwana harusi akatakiwa kufika saa mbili asubuhi na cheti cha chanjo. Edwini alikuwa na subira. Kila mara alisema, "Dada Zuhura, angalia kwanza nani yuko macho." Ungempenda, ingawa ungemwambia akate nywele.

Kosa lililonichosha zaidi ni jingine, na wewe ungelifanya vilevile, usibishe. Edwini alitengeneza nakala ya ukurasa mmoja, kwa usalama alisema, akaiacha imefunguliwa pamoja na ukurasa wenyewe. Mimi nikaona maneno yaleyale kwenye madirisha mawili, nikadhani ni ukurasa mmoja tunautazama mara mbili. Kwetu sisi ukurasa ni mmoja tu. Ukiisogeza herufi kwenye sinia la chuma la kupangia imesogea, hakuna sinia lingine mahali fulani ambako bado imekaa palepale. Nikasahihisha kutwa nzima dirisha hili, nikachapa lile. Makosa yote yakatoka kama yalivyo, na karatasi unajua tunavyoipata. Meneja hakunigombeza, alizihesabu tu karatasi zilizoharibika. Tangu siku ile nikawa siyaamini macho yangu mwenyewe.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika.

Unaukumbuka ukurasa wako wa mwisho. Kile kijitabu cha ufugaji wa nyuki, cha wanakijiji wa elimu ya watu wazima, kilichoagizwa tangu enzi tunaimba Ujamaa asubuhi na jioni, kikawa kinangoja karatasi mpaka baadhi ya maneno yakazeekea humo. Uliupanga ukurasa, ukaufunga uzi, ukauweka kwenye rafu na sinia lake, ukasema prufu, ile chapa ya kusahihishia, tutatoa kesho. Kesho yake wakakupeleka hospitali ya Kitete. Sukari, walisema. Miaka ile ya foleni tulisimama duka la ushirika tangu alfajiri tukakosa hata kibaba, wewe ulikuwa nayo mwilini. Ungekuwepo ungeitania hiyo kabla yangu.

Sinia lile sikumruhusu mtu aliguse. Aliyepanga ndiye anayezirudisha herufi kwenye makasha, ndiyo sheria yako, na wewe hukuwepo kurudisha.

Basi Meneja akapata wazo. Siku mnunuzi akija kuchukua risasi, Ijumaa baada ya swala, wageni wa mkoa watakuwepo. Ukurasa wa Fundi Salumu tutaupiga chapa mbele yao, tuutie kwenye fremu, ukae ukutani pale mapokezi. "Watu waone kazi ya mtu ambaye maisha yake yote hakukosea," alisema. Nilifurahi, Fundi, nikalia kidogo. Akaniagiza pia niyaingize maneno ya ukurasa huohuo kwenye kompyuta, kijitabu kitoke kizima kwa herufi za aina moja.

Nikakaa na sinia lako pembeni, nikalisoma kinyumenyume kama ulivyonifundisha, nikapiga herufi baada ya herufi. Sikuyafuata maneno yanasema nini. Wewe ndiye uliyenizoeza: "Mpangaji hasomi, anapanga. Ukianza kusoma utaanza kuwasahihisha watu." Ningeweza kuyachukua kwenye maandishi ya wanakijiji, Edwini alikuwa ameshayaingiza kabla hajaondoka. Lakini nilikuamini wewe kuliko wao.

Nilipomaliza nilikuwa na madirisha manne yamelaliana, kichwa kinaniuma, sijui lipi ni lipi. Nikakumbuka meza yako. Maandishi ya mteja mkono wa kushoto, kazi mkono wa kulia, masahihisho juu, na kila kazi ifungwe uzi kabla jicho halijaenda kwa nyingine. Ulipenda kusema babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na hakuwahi kuutua mzigo njiani, aliutua kambini. Nikafunga lile la harusi. Nikafunga la mnada. Yaliyobaki mawili nikayavuta pembe ya chini, yakapungua, nikayaweka ubavu kwa ubavu. La wanakijiji kushoto. Lako kulia. Kwa mara ya kwanza tangu mashine ije nikaona kazi yangu yote bila kuinua kitu juu ya kitu.

Lako lilikuwa refu zaidi.

Nikasema haya, Bi Haraka, umechanganya tena, umepiga hili ukadhani uko lile. Nikalifuta, nikaanza upya, mara hii natazama paji la dirisha kila mstari. Likawa refu vilevile. Nikaweka kidole kwenye kioo nikashuka nayo yote mawili pamoja, nasoma sasa, nasoma kweli. "Moshi uwe wa kadiri, nyuki wasife." Chini yake tena: "Moshi uwe wa kadiri, nyuki wasife." Kushoto upo mmoja, kulia iko miwili. Mbele kidogo mstari unaosema mfunike mzinga vizuri haupo kabisa.

Nikageukia sinia. Risasi haina madirisha, haiwezi kuchanganya. Mstari wa moshi umepangwa mara mbili. Na kule chini, katikati ya herufi nyembamba, kuna nene, moja hapa, mbili pale, za kutoka kasha la jirani. Wewe, Fundi, uliyekuwa ukisema mtu akichanganya nene na nyembamba ni sawa na anayevaa kiatu na kandambili. Hakuna iliyosimama kichwa chini, maana ile alama iliyochongwa ubavuni mwa herufi ulikuwa ukiisikia kwa kidole gumba. Uzito wa herufi kidole hakiusikii. Huo ni wa macho.

Nikakaa pale. Nikaanza kukumbuka vitu. "Nisomee hii, Bi Haraka, una sauti ya redio." Mimi nikivimba kichwa. Kofia yako uliyoitafuta nayo iko mezani mbele yako, nasi tukacheka. Ulivyokuwa ukinishika bega tukivuka reli kwenda mtaa wa Ng'ambo, nikaona ni uzee na mapenzi.

Nilikwenda kwa Mama Chiku jioni ileile. Mkeo alikuwa anachambua mchele. Nilimuuliza bila kuzunguka, sina nguvu za kuzunguka siku hizi. Hakuinua uso. "Tangu kabla ya Ramadhani yake ya mwisho alikuwa anaona vivuli tu, mwanangu," alisema. "Alinikataza nisiseme. Alisema, nikitoka mimi, chumba cha risasi kitafungwa, na Zuhura watampa ufagio." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilikasirika, nakwambia ukweli. Nilirudi nyumbani Isevya nakugombeza njia nzima. Ulikuwa unapapasa gizani kila siku mbele yangu ili mimi nisipewe ufagio, nami nakaa mkono wako wa kuume nakudai chai. Mwanafunzi gani asiyeona macho ya mwalimu wake yamekwisha? Nilijibu mwenyewe: yule aliyefundishwa asisome.

Na Ijumaa ilikuwa inakuja. Ukurasa ule ungepigwa chapa mbele ya wageni, moshi mara mbili, nene na nyembamba, chini yake jina lako na maneno ya Meneja kwamba hukukosea. Wangecheka kwa adabu. Au wangenyamaza, na hilo ni baya zaidi. Nilifikiri kumwambia Meneja. Angenielewa, si mtu mbaya, lakini angemwambia mhasibu, na mhasibu ana mdomo.

Waswahili wanasema aibu ya maiti aijua mwosha. Alhamisi wenzangu walipokwenda kula nilifunga mlango. Nikaushusha ukurasa wako, nikafungua uzi wako, fundo lile ulilolijua wewe na mimi tu. Nikazisafisha herufi kwa mafuta ya taa na brashi, polepole, kuanzia juu kwenda chini. Nikatoa mstari wa moshi uliozidi. Nikaupanga ule wa kufunika mzinga ukakaa mahali pake. Nene nikazirudisha kwenye kasha lao, moja moja, nyembamba nikaziweka. Mikono yangu ilikuwa ya Bi Haraka lakini siku ile haikukimbia. Nikafunga uzi uleule, fundo lilelile, nikanawa, nikala mihogo baridi.

Ijumaa walikuja. Meneja alihutubia sana, unamjua. Ukurasa ukatoka safi, wino umekaa sawasawa, mgeni mmoja akauinua kwenye mwanga akasema kazi kama hii haipo tena. Mama Chiku alikuwa amekaa karibu na mlango kajifunika khanga yake, akanitazama mara moja, akageukia upande mwingine. Halafu mnunuzi akaanza kubeba makasha. Ukurasa wako nilimwomba anisubiri, kwa kuwa ulikuwa haujarudishwa. Alinishangaa: herufi zinakwenda kuyeyushwa zote, za nini kuzipanga kwenye visanduku vyake? Nikamwambia aende akanywe chai. Nilizirudisha zote. Kazi haijaisha mpaka herufi zimekwenda kwao, uliniambia siku ya kwanza.

Walipoondoka chumba kilikuwa kitupu, sakafuni alama za miguu ya meza. Nikaenda kuzima kompyuta. Madirisha yetu mawili yalikuwa bado yamefunguliwa ubavu kwa ubavu. La kushoto nikalifunga. Likabaki lako, na ukurasa kama ulivyoupanga wewe. Ulio kwenye fremu watu wanausifia, lakini ule ni mkono wangu. Huu wenye makosa ndio wako wa mwisho, na ulikuwa umebaki hapo tu, kwenye kioo.

Nikagonga kale kamraba ka pembeni kalifunge. Mashine ikauliza, kwa Kiingereza chake, kama nataka kuuhifadhi. Huuliza hivyo kila mara, na mimi huitikia ndiyo bila kufikiri. Nilikaa pale mpaka mlinzi akagonga mlango kuuliza kama nimelala. Nilitamani kuuweka, Fundi. Nilitamani niwe naufungua peke yangu siku nikikukumbuka.

Nikajibu hapana. Dirisha likafumba, kioo kikabaki cheupe.

Barua hii nikiimaliza naipeleka kwenye jiko la Mama Chiku, iwashie mkaa wa chai ya jioni. Yeye na mimi tutakunywa bila sukari, kwa heshima yako. Lala salama, Fundi Salumu. Mungu akunurishie kaburi, uone kila kitu huko uliko.

Nami nakuahidi jambo moja ambalo ni kinyume na uliyonifundisha, unisamehe. Wiki ijayo wananiletea binti wa kujifunza mashine. Nitamwonyesha paji la dirisha, nitamwonyesha kufunga moja kabla ya kwenda jingine. Halafu nitamwambia asome. Asome kila mstari, na akimaliza ainue macho amsome na mtu aliyekaa naye.

Mwanafunzi wako,
Zuhura, Bi Haraka wako