Kipande Nilicholeta Kamembe

Maman mpendwa,

Pokea salamu za mtoto wako, anayependwa huku mpaka anaona haya! Harusi ilipendeza, lakini macho yangu yalikutafuta siku nzima. Najua, tangu vita unaogopa kuvuka daraja la mpakani kutoka Bukavu kuja huku Kamembe.

Jana mvua ilitufungia jikoni kwa mama mkwe, tukikaanga visamaki vya sambaza. Mume wangu (jamani, neno tamu!) ni mwalimu wa historia hata mbele ya sufuria. Alitusimulia habari za mwami mmoja, mfalme wa kale wa Denmark, aliyerithi nchi iliyowekwa rehani karibu yote kwa mabwana wengine. Akaikomboa kipande kwa kipande, na kipande cha kwanza alikileta mke wake kama mahari.

Mama mkwe aliacha mwiko. "Eh! Bibi ndiye alitoa mahari? Kwa huyo mwami hakukuwa ng'ombe?"

Tulicheka mpaka sambaza zikaungua. Kisha akanigeukia: "Na weye, mutoto wangu, ulituletea kipande gani?"

Mume wangu akaniwahi: "Bukavu, Maman."

Mama mkwe pia hajakanyaga daraja lile tangu vita. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akasema taratibu, "Basi Jumapili nitavuka. Nimushike mama yako mukono, turudi naye."

Maman, anakuja kweli. Vaa ile nguo uliyoshonesha kwa ajili ya harusi yangu.

Nakukumbatia kwa nguvu zote,
Furaha wako