Siku Niliyopaka Rimu Mafuta

Jumapili, Kamembe. Mvua imekatika tangu asubuhi, na upande wa pili wa maji mabati ya Bukavu yanang'aa kama yameoshwa kwa sabuni. Naandika kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto umefungwa bendeji kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Hakuna mfupa uliovunjika. Nalisema mapema ili dada zangu wanaosoma hapa wasianze kunipigia simu kabla hawajafika mwisho.

Jana nilianguka na baiskeli kwenye mteremko wa Nkanka.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mshonaji, nakaribia hamsini, na siku nzima niko mbele ya cherehani. Mwaka jana miguu ilianza kuvimba. Muuguzi akaniambia nitembee. Nikatembea, nikachoka kuulizwa njiani, "Maman Salma, unatafuta nini?" kana kwamba mtu mzima hatembei mpaka awe amepoteza kitu. Ndipo nikawaza baiskeli, kinga kama tunavyoiita huku kwetu. Niliitamani tangu utoto. Nyumbani kwetu kaka zangu walipewa baiskeli, mimi nikapewa ndoo.

Aliyenipeleka kuchagua ni rafiki yangu Maman Neema, mfanyabiashara anayevuka daraja la mpakani, Rusizi ya Pili, karibu kila siku kwenda kuuza nyanya Bukavu. Yeye anaendesha tangu usichana wake.

Ya kwanza tuliyoiona ilikuwa ile nyeusi, nzito, ya kubeba magunia na ndizi. Chuma chake cha katikati kiko juu, na mimi navaa gauni refu. Kuipanda tu ilikuwa kazi ya sarakasi. Ya pili ilikuwa na gia nyingi na springi mbele, rangi ya chungwa, nzuri kuitazama. Hiyo nilipoikalia vidole vya miguu havikugusa chini. Muuzaji akasema nitazoea. Maman Neema akamjibu, "Atazoea nini, miguu itaongezeka?"

Ya tatu ilikuwa imetumika, ya kijani iliyopauka, chuma chake kimeinama chini, usukani umesimama kiasi kwamba mgongo unabaki wima. Ina gia chache na kifuniko cha mnyororo, kwa hiyo gauni haliliwi. Nilikaa, nyayo zote mbili zikagusa ardhi. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Nilijifunza kwenye uwanja wa mpira, alfajiri, kabla vijana hawajaja kucheka. Nilianguka mara nyingi, lakini uwanjani mtu anaanguka polepole. Baada ya miezi michache nikawa naenda sokoni na kurudi. Uvimbe ulipungua. Nikaanza kuipenda ile mashine kwa namna ambayo sikuitegemea: kila Ijumaa nabonyeza matairi kwa kidole gumba, nafuta vumbi kwa kitambaa kilichobaki kwenye ushonaji, natazama waya za breki kama zimeanza kuchanika.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyoniponza.

Wiki hii mvua ilinyesha mfululizo. Alhamisi niliikuta baiskeli chini ya paa la nyuma na madoa ya kutu kwenye mnyororo, mengine kwenye rimu. Nikaumia. Nikachukua chupa ya mafuta ya cherehani. Sasa, mshonaji yeyote atawaambia: cherehani ukiitia mafuta kila mahali panaposuguana, inakushukuru. Basi nikatia mafuta kila mahali panaposuguana. Mnyororo. Pedali. Katikati ya magurudumu. Halafu nikaona mipira ya breki inasugua rimu, nikasema hapa pia. Nikaipaka rimu yote, mbele na nyuma, nikaing'arisha kwa kitambaa mpaka nikaona uso wangu.

Nilijisifu. Hata nilimwita mume wangu aje kuona.

Jumamosi Maman Neema hakuvuka mpaka. Tukakubaliana twende Nkanka, tuone ziwa, tule samaki, turudi. Hapa juu barabara ni tambarare, sikuhitaji kufunga breki kwa nguvu, nikahisi tu kwamba zimekuwa laini. Nikadhani ndiyo faida ya mafuta.

Mteremko ukaanza. Maman Neema alikuwa mbele. Nilibonyeza breki zote mbili, vishikio vikaingia vizuri kama siku zote, na baiskeli ikazidi kwenda. Nikabonyeza tena. Gurudumu likateleza ndani ya ile mipira kama sabuni mkononi.

Mbele yangu wanawake walikuwa wanapanda kutoka ziwani na mabeseni ya sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, kichwani, wameenea barabara nzima, wanazungumza. Nikapiga kelele, "Freni haiko! Mutoke! Freni haiko!"

Wakatawanyika. Mmoja hakuweza. Alikuwa na beseni kichwani na mtoto mgongoni, akasimama katikati akigeuka huku na huku, hajui aende upande gani. Nilimwona uso. Kushoto kulikuwa na migomba inayoshuka mpaka majini, kulia kuna ukingo wa udongo. Nikakata kulia.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka udongo mdomoni, na sauti ya gurudumu linalozunguka peke yake.

Aliyenifikia kwanza ni yule yule mwenye mtoto. Alikuwa ameshatua beseni. Akapiga magoti.

"Maman, unanisikia? Usisimame kwanza. Angalia mimi. Jina yako ni nani?"

Nikamwambia jina. Akanigeuza kichwa polepole, akatazama masikio, akatazama meno. Alipohakikisha niko mzima, hasira ikampanda.

"Sasa weye, muntu mukubwa namna hii, unashuka huku na kinga haina freni? Na mutoto wangu huku mugongoni! Ungetuua wote!"

Nikasema, "Unisamehe, maman."

"Nakusamehe juu ya nini, ungali unatoka damu," akasema, na akanifuta uso kwa pindo la kitenge chake. Bado alikuwa anagomba. Alinifuta huku anagomba, na mtoto akawa ananitazama juu ya bega la mama yake bila kulia. Kisha akajitwisha beseni, akaendelea kupanda. Sikumuuliza jina.

Kuna linalonisumbua tangu jana. Si mkono. Ni ule uso wake uliokuwa unageuka huku na huku.

Maman Neema alirudi juu akihema, akampigia mume wangu simu. Alisema tu, "Papa Salma, Maman Salma ameanguka na kinga, Nkanka," na mtandao ukakatika. Akajaribu tena, haukurudi. Hatukulipa jambo hilo uzito. Tulikuwa tunatafuta kiatu changu.

Mume wangu ni seremala. Anazungumza kidogo, anafanya kazi sana, hajawahi kunizuia baiskeli wala kuisifu. Jana tulimkuta katikati ya njia anashuka kwa miguu, anakimbia. Alikuwa na ndala, moja imekatika kamba, na unga wa mbao umemjaa nywele na nyusi. Hakuwaza hata kusimamisha pikipiki ya abiria. Aliponiona nimesimama kwa miguu yangu akaacha kukimbia, akainama, akashika magoti yake, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akanishika mkono mzima mpaka kituo cha afya.

Nyumbani alipika uji mwenyewe.

Leo asubuhi, baada ya chai, ndipo alipoanza.

"Maman Salma, ile kinga tuitoe. Kuna watu wataitaka."

Nikamwambia kosa halikuwa la baiskeli. Nikamweleza habari ya mafuta. Nilitegemea acheke, mimi mwenyewe ilikuwa inanichekesha kidogo. Hakucheka.

"Mi siogope kinga," akasema. "Naogopa simu. Maman Neema alisema umeanguka, halafu kimya. Nikaita, nikaita. Tangu pale mpaka nilikuona, miye nilikuwa nimeshakuzika. Mu kichwa nimeshaambia batoto. Nimeshachagua nani atakuosha weye."

Aliposema hivyo akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Mimi jana niliogopa kwa muda mfupi tu, kisha nikawa nimelala kwenye ukingo. Yeye aliogopa kilima kizima.

Nikamwambia nitafanya atakalo. Nilimaanisha. Lakini nikamwambia pia ukweli: kwamba tangu nianze kuendesha, ninapoamka asubuhi sijisikii kama kiti cha cherehani. Kwamba kuna mahali kwenye barabara ya juu, ziwa linapotokea ghafla kati ya nyumba mbili, na kila nikipita pale nafurahi kama mjinga.

Akainuka. Kisha akasema, "Kamata maji ya moto."

Tukaenda uani. Kwa mkono wangu mmoja na mikono yake miwili tuliosha rimu kwa sabuni ya unga, tukasuuza, tukaosha tena, tukafuta kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kikatoka kisafi. Mipira ya breki ilikuwa imeshakunywa mafuta. Akaichomoa, akaenda kuchukua msasa wake wa mbao, akaikwangua taratibu kama anavyokwangua ukingo wa meza, mpaka ile ngozi inayong'aa ikaisha na ikaonekana nyeusi kavu. Akairudisha. Akaniambia nibonyeze. Nikabonyeza, yeye akasukuma baiskeli kwa nyuma kwa bega lake lote. Gurudumu halikusogea. Akasukuma tena, matairi yakachora udongo.

"Na ukibonyeza kwa nguvu zaidi?"

"Hiyo ndiyo nguvu yangu yote, mkono ni mmoja."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikajua mazungumzo ya kuitoa yamekwisha, ingawa hakusema. Alisema tu kwamba Nkanka, hapana, si sasa. Nikamwambia hata mimi Nkanka siitaki sasa. Ni kweli. Nikifumba macho naona mteremko.

Andikeni hili mahali, nyinyi mnaofikiria kununua: mafuta ni ya mnyororo, kidogo, kisha unafuta yaliyozidi. Rimu inataka ukavu. Na kabla ya kutoka, bonyeza breki na usukume. Inachukua muda mfupi kuliko kufunga viatu.

Alasiri niliingia ndani kuswali. Nilikawia kidogo kwenye mkeka kwa sababu ya mkono, na kwa sababu nilikuwa nawaombea dua yule mama na mtoto wake. Nilipoinuka nikatazama nje dirishani.

Papa Salma alikuwa amekaa juu ya baiskeli. Ameiegemeza ukutani, bega lake pia limeegemea ukuta, miguu yote miwili ameiinua hewani. Alikuwa anabonyeza breki ya kulia, kisha ya kushoto, uso umekaza kama mtu anayepima mbao. Akaweka mguu mmoja kwenye pedali. Akautoa.

Tumeoana miaka mingi. Nilikuwa najua amekulia Mururu, kwenye vilima, najua amebeba mbao kichwani tangu mdogo. Sikuwahi kumwona juu ya baiskeli, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nikatoka. Hakushtuka, wala hakushuka.

"Hujui kuendesha?" nikamuuliza.

"Nani angenifundisha?"

Akatazama mikono yake kwenye usukani.

"Mukono yako ikipona," akasema, "utanishikia hii kiti. Lakini usiniachilie bila kusema."

Nimemwahidi. Muuguzi anataka bendeji ikae mpaka uvimbe uishe, kwa hiyo kwa sasa nyumbani humu hakuna wa kuendesha. Ikitoka, tutakwenda uwanjani alfajiri, yeye juu, mimi nyuma yake nakimbia na gauni langu. Ni mzito, yule mwanaume. Sijui nitamzuiaje akianza kuanguka.