Wimbo Niliowageuzia Askari

Bwera, Jumapili, 1979

Mvua imenyesha tangu alfajiri na milima haionekani. Afadhali. Leo sitaki kuona kitu.

Wamenitoa kwenye kwaya.

Masereka, katekista wetu, aliniita nje kabla ya Misa. "Mwalimu, wakristo wamekaa, wakasema imetosha. Wewe uliimbia askari." Hakunitazama usoni. Masereka huyu ndiye besi wangu wa kwanza. Nilimfundisha noti ubaoni, mwaka ule nilipoanza na watu kumi na mmoja, wengine hawajawahi kushika kitabu cha nyimbo.

Miaka kumi na tano. Nimepanda baiskeli hadi Munkunyu na Kitswamba kufundisha makanisa mengine. Nimetunga nyimbo ambazo watu huziimba shambani bila kujua zilitoka wapi. Ule wa Komunyo niliutunga mke wangu akiwa mgonjwa, na ndio pekee ninaoupenda.

Ndio huo niliowapa askari.

Askari walipokuwa bado wanatawala, tulikuwa Kasese, tunafanya mazoezi ya kumpokea mkubwa wao kutoka Kampala. Afisa aliingia, akasikiliza wimbo huo, akaupenda.

"Wewe mwalimu! Hii ndiyo mutaimba kesho. Toa jina ya Yesu, weka ya mkubwa."

"Afande, huu ni wimbo wa Komunyo."

"Nimekuuliza?"

Nikachukua chaki. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonitesa. Nilibadilisha beti zote mbili, nikahakikisha hata silabi zinalingana na noti. Kazi safi.

Kavira peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa mkimbizi kutoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, muuza vitenge, sauti yetu ya kwanza. "Mwalimu, miye siwezi kuimba ile. Ile wimbo iko ya Mungu." Akafunga kitenge chake, akatoka. Siku ya pili tukasikia amevuka mpaka. Sijamwona tena.

Sisi wengine tuliimba. Watu thelathini! Masereka aliimba kuliko wote, akapiga na makofi. Sasa askari wamekimbia, na eti aliyeimba ni mimi tu.

Leo, Masereka aliponitoa, sikwenda nyumbani. Niliketi benchi la nyuma niwasikilize wakiimba bila mimi.

Wakati wa Komunyo walianza wimbo wangu, kwa maneno yake ya zamani. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, safu nzima ya besi ikateleza. Jina la mkubwa likatoka, wazi kabisa, watu wakiwa wamepiga magoti mbele ya padri. Masereka akajifunika mdomo. Kwaya ikanyamaza. Mtoto mmoja akacheka.

Wote wakageuka kunitazama.

Nilipaswa kuona aibu. Nilipaswa kumwombea Kavira, popote alipo. Lakini Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na mama aliyeketi karibu nami akanishika mkono akidhani ninatubu.

Mtu anayefurahia jambo kama hilo, kweli anastahili kurudishiwa kwaya?